Kiwanda cha Umma Kinamjibu Nani?

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: TAWI LETU, KATA YA CHANG'OMBE, DODOMA*



Haya ni maandishi ya mazungumzo tuliyotoa kwenye darasa la tawi Jumapili iliyopita. Wengi mlikuwa kazini, wengine mlikuwa msibani, na waliorekodi kwa simu wanalalamika kwamba upepo wa Dodoma umekula sauti yote. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema. Ni marefu, kwa hiyo msome kwa vituo, na anayemtumia mwenzake amtumie yote. Asikate kipande cha katikati akakirusha kwenye magrupu kama tulivyoona siku za nyuma.

Mada ilikuwa viwanda vya umma vya enzi za ujamaa. Kabla hatujafika mbali kijana mmoja aliuliza: viwanda vilivyokufa kabla sijazaliwa vinanihusu nini mimi? Ni swali la haki, na tulianzia hapohapo.

Vinakuhusu kwa sababu Serikali imerudi viwandani, na safari hii imerudi na fedha yako. Mfuko wa NSSF pamoja na Jeshi la Magereza wako kwenye sukari ya Mkulazi, kule Mbigiri, Morogoro. PSSSF nayo, pamoja na Magereza, iko kwenye viatu na bidhaa za ngozi pale Karanga, Moshi. Mwalimu wa shule ya msingi anayekatwa mchango kila mwezi, nesi wa zahanati, mlinzi wa kampuni anayechangia NSSF, hao wote ni wenye viwanda. Hawajawahi kuitwa kwenye kikao, hawajui mtambo umegharimu kiasi gani, lakini kiwanda kikianguka, kilichoanguka ni uzee wao. Dira ya 2050 iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Julai 2025 nayo inazungumza viwanda. Kwa hiyo mambo ya zamani yanarudi mlangoni, na ni vizuri yatukute tunajua yalivyokwenda mara ya kwanza.

Tuseme pia jambo moja la kuchekesha. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam unakaa Chang'ombe, anadhani unakaa Temeke, jirani na kiwanda cha sigara. Chang'ombe yao ilikua kando ya viwanda. Chang'ombe yetu ilikua kando ya ramani. Makao makuu yalipoamuliwa kuhamia Dodoma mwaka 1973, CDA ikaundwa, na mpango mkuu wa mji ukachorwa na kampuni kutoka Toronto, Kanada, ukatoka mwaka 1976. Katika ramani ile kulikuwa na nafasi ya wizara na viwanja vikubwa vya wakubwa. Waliobeba zege, waliopika mama lishe, waliosukuma mikokoteni walijikatia wenyewe mahali pa kulala, na mahali hapo ndipo wengi wetu tumezaliwa. Tunalisema hili mapema kwa sababu litarudi tena: Serikali inaweza kupanga mambo makubwa kwa jina la wananchi, na mwananchi mwenyewe asiwemo kwenye mchoro.

Sasa twende Kongwa. Wengi wenu mnapita pale Mbande mkielekea Morogoro, barabara inapokata kwenda Kongwa. Mkoa wetu uliona mradi mkubwa wa serikali ya kisoshalisti miaka 20 kabla ya Azimio la Arusha, na serikali hiyo ilikuwa ya Waingereza. Mwaka 1945 chama cha Labour kilishinda uchaguzi Uingereza. Kilijiita cha kisoshalisti, na kwao kilitaifisha makaa ya mawe na reli. Baada ya vita Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, basi serikali hiyo ikaamua karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Likaundwa shirika la umma la kuusimamia, reli ikatandikwa mpaka Kongwa, matrekta mabovu yaliyobaki vitani yakanunuliwa, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta.

Mtu yeyote aliyelima Ugogoni anajua kilichofuata. Mvua ya hapa haina ahadi. Udongo ule ukilowa unalimika, ukikauka unakuwa kama sakafu, na karanga ziko chini. Mchanga wake ulikula majembe ya mashine, visiki vikavunja meno ya matingatinga. Mgogo aliyeishi pale na ng'ombe wake na mtama wake hakuulizwa chochote, zaidi ya kuitwa kuwa kibarua. Na vibarua hao, Septemba 1947, mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam uliposambaa kando ya reli, nao waligoma. Januari 1951 mradi ulifutwa. Pauni kama milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimekwenda. Ardhi ikaja kuwa ranchi, na leo ni Ranchi ya Kongwa ya NARCO. Kongwa hiyohiyo, kuanzia mwaka 1964, ilipokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na hiyo ni kazi ambayo udongo wake uliifanya vizuri zaidi kuliko karanga.

Ndugu zetu, hatuisemi Kongwa ili kuwacheka Waingereza. Tunaisema kwa sababu watu husema mashirika ya umma yalishindwa kwa kuwa Mwafrika hajui kuendesha. Pale kulikuwa na wataalamu wa Ulaya, fedha za Ulaya na mashine za Ulaya, na bado mradi ulikufa ndani ya miaka 4. Tatizo lilikuwa jingine. Waliopanga walikuwa London, na mvua ilikuwa Kongwa.

Tukaja kwenye Azimio la Arusha. Hapa tuliwaomba wanachama walisome lenyewe, maana wengi wanalijua kwa nyimbo. Linapofika kwenye maendeleo, Azimio la tarehe 5 Februari 1967 halikusema tukimbilie viwanda. Lilisema kinyume. Lilisema tumetia mkazo mno kwenye fedha na viwanda, kwamba ni kosa kudhani maendeleo yanaanzia kiwandani, na kwamba nchi ya wakulima ianzie kwa mkulima. Kilichotakiwa ni njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Wiki ileile benki zikataifishwa. Vinu vikubwa vya nafaka vikachukuliwa vyote. Kwenye bia, sigara, saruji na viatu vya Bata, Serikali ikachukua sehemu kubwa ya hisa, na wenyewe wakalipwa fidia.

Baada ya hapo kasi ilikuwa kubwa kuliko maneno ya Azimio. Shirika la Maendeleo la Taifa, ambalo wengi mnalijua kama NDC, likawa mama wa viwanda vingi. Mwaka 1968 Urafiki ikafunguliwa Ubungo kwa mkopo wa China, na mwaka huohuo Mwatex ikaanza Mwanza kwa mitambo ya Wafaransa. Ubungo ikapata kiwanda cha zana za kilimo, UFI, nacho kwa msaada wa Wachina. Arusha ikapata General Tyre, Tanga ikapata chuma na mbolea. SIDO ikaundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Mwaka 1975 ukapitishwa mkakati wa viwanda vya msingi wa miaka 20: chuma chetu, makaa yetu, mashine zetu. Chuma hicho ni cha Liganga na makaa ni ya Mchuchuma. Miaka 20 iliisha mwaka 1995, na bado tunasubiri.

Hapa tulikaa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo penye somo.

Chukua Urafiki na Mwatex. Vyote ni vya umma, vyote vya nguo, vyote vinatumia pamba ya mkulima wa Tanzania, vyote vimeanza mwaka mmoja. Lakini Wachina walileta mitambo ya kawaida inayotaka mikono ya watu, na Wafaransa walileta mitambo ya kisasa zaidi inayotaka watu wachache. Urafiki iliajiri watu wengi zaidi kwa kazi ya aina ileile, na fundi wa Kitanzania aliweza kuufungua mtambo na kuufunga. Mama zetu walijifunga khanga na vitenge vya Urafiki wakijua pamba imetoka Usukumani. Malighafi ya hapa, soko la hapa, fundi wa hapa. Kiwanda cha namna hiyo hata kikiyumba, kinayumba karibu na watu wanaoweza kukishika.

Sasa chukua kiwanda cha mbolea cha Tanga kilichoanza mwaka 1972. Mbolea ni kitu cha mkulima, hakuna anayebisha. Lakini fosfeti ilitoka nje, salfa ilitoka nje, amonia ilitoka nje, wakati fosfeti ya Minjingu ilikuwa ardhini mwetu na haikuanza kuchimbwa mpaka mwaka 1983. Yaani tuliagiza viungo vyote kwa meli, tukavichanganya Tanga, tukaita kiwanda. Fedha za kigeni zilipokauka, viungo vikakauka. Kilifungwa mwaka 1991.

Au chukua kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Mtanzania alikuwa anatembea peku au kwa kandambili za matairi, na kiwanda chake kimepimwa kwa mguu wa Mzungu. Hakikupata kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Dodoma hii ina ng'ombe mpaka tunabanana nao njiani, ngozi zinaozea machinjioni, na mkoa jirani kulikuwa na kiwanda kizima cha viatu kimelala. Deni halikulala.

Kuna na ule mtambo wa kuoka mikate wa Dar es Salaam, uliofadhiliwa na Kanada miaka ya mwanzo ya 1970. Mkate! Kitu ambacho mwokaji wa mtaani anakifanya kwa tanuri la matofali na vijana watatu. Ukaletwa mtambo unaojiendesha, na Kanada hiyohiyo ikasaidia mashamba ya ngano ya NAFCO kule Hanang, kwenye malisho ya Wabarbaig, ambao walilazimika kwenda mahakamani kudai ardhi dhidi ya shirika la umma la nchi yao wenyewe. Msaada uliuza mashine za waliosaidia.

Mwanachama mmoja mzee alitukatisha hapa. Akasema tusisahau mambo yaliyotokea: bei ya mafuta mwaka 1973, ukame wa 1973 na 1974, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, vita vya Kagera 1978 na 1979, mafuta tena. Ni kweli, na anayeacha hayo anadanganya. Miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vinafanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake kwa sababu ya vipuri, umeme na malighafi. Sabuni ikawa ya foleni, sukari ikawa ya foleni. Mwaka 1983 Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na Aprili 1984 akafa ajalini akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Hata hivyo tulimjibu mzee wetu kwa heshima kwamba mvua hiyo ilinyeshea viwanda vyote, lakini vilivyovuja zaidi ni vile vilivyoezekwa kwa bati la kuazima.

Tuje nyumbani. Vinu vilivyotaifishwa vikawa NMC, Shirika la Usagishaji la Taifa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa, NMC ikawa mnunuzi pekee wa nafaka kwa mkulima: bei moja nchi nzima, sembe ya ruzuku mjini. Ukiwa mpangaji mjini ulilipenda. Ukiwa mkulima wa kijijini, ulipeleka gunia na kupewa karatasi, na fedha ilikuja lini, Mungu anajua. Deni la NMC kwa Benki ya Taifa ya Biashara lilikua mpaka likawa tatizo la nchi. Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984. Ushirika ulikuwa na wezi, ndiyo, lakini mkulima aliwajua kwa majina na aliweza kuwapigia kelele kwenye mkutano mkuu. Alipoondolewa ushirika akapewa shirika, alimpigia kelele nani? Meneja aliteuliwa kutoka juu, na alijibu juu.

Hilo ndilo jambo ambalo tawi letu linataka kulisema, na hatutaki lipotee katikati ya mifano. Ubishi wa kila siku, kwamba Serikali ijenge viwanda au iwaachie watu binafsi, unaficha swali kubwa zaidi. Kiwanda kinaweza kuwa cha umma kwenye hati na kisiwe cha umma kwenye maisha. Mwenye kukitumikia, mwenye kukilisha malighafi na mwenye kukichangia fedha kama hawana pa kuuliza na kujibiwa, basi mali ile ni ya meneja tu, mpaka siku ya kuuzwa.

TANU yenyewe iliona hatari hiyo. Mwaka 1970 ukatoka waraka wa Rais wa kuunda mabaraza ya wafanyakazi mahali pa kazi, na mwaka 1971 Mwongozo ukakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliuchukua kwa uzito kuliko walivyotarajiwa. Walisimama viwandani na karatasi ya Mwongozo mkononi, wakadai meneja anayewatukana aondoke. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, ambacho kilikuwa cha mtu binafsi, wakamfungia nje mwenye kiwanda na kuanza kukiendesha wenyewe. Wakubwa walishtuka. Migomo ikazimwa, na wengine walioiga wakafukuzwa kazi na kurudishwa makwao. Mwaka 1986, mwezi Julai, kwenye kiwanda cha sukari cha Kilombero, cha umma, wafanyakazi waliokuwa wanadai haki zao walipigwa risasi na polisi, na wapo waliokufa. Tunaliandika hili bila kulipunguza. Wapo wanaokumbuka enzi zile kana kwamba mfanyakazi alikuwa mfalme. Alikuwa na ajira, matibabu, shule ya mtoto, na hayo si madogo, wengi wetu leo hatunayo. Lakini sauti yake iliishia kwenye geti.

Kwa hiyo ubinafsishaji ulipokuja, ni nani angevitetea viwanda? Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalisainiwa mwaka 1986, miaka ya 1990 ikaja PSRC, ile tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na viwanda vikauzwa kimoja baada ya kingine. Mfanyakazi hakuwa na hisa wala kikao. Baadhi ya wanunuzi waliendeleza. Wengine waling'oa mitambo wakauza vyuma, wakageuza majengo kuwa maghala ya bidhaa kutoka nje. Serikali yenyewe baadaye ilianza kuvichukua tena vile ambavyo havikuendelezwa. Majembe ambayo UFI na Zana za Kilimo Mbeya walikuwa wanayafua, leo nenda Soko la Majengo, soma mhuri kwenye jembe, uone limetoka wapi.

Na zabibu. Hapa ukumbi ulichangamka, kwa sababu kila mtu ana shangazi mwenye shamba Hombolo, Mpunguzi au Matumbulu. Zabibu ziliingia Dodoma kwa mapadre wa Bihawana, zikaota vizuri kwa sababu jua letu ni kali na hewa ni kavu, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ni bahati iliyoje mkoa wa ukame kupata zao linalopenda ukame! Kiwanda cha mvinyo cha umma, DOWICO, kilikuwa mlango wa mkulima. Kilipokufa, mlango ulifungwa. Mtama unakaa ghalani mwaka mzima ukisubiri bei. Zabibu haisubiri. Imeiva leo, kesho kutwa imechacha kwenye ndoo, na anayekuja na gari ndiye anayepanga bei. Watu waling'oa mizabibu kwa mikono yao. Viwanda vya watu binafsi vilivyokuja baadaye vimesaidia, tunavishukuru, lakini kinaponunua kimoja au viwili tu, mkulima bado hana pa kugeukia.

Leo tunasikia Serikali ikitajwa tena kwenye zabibu za Chinangali, kule Chamwino. Tawi letu linaunga mkono. Tunasema wazi, maana wapo watakaosoma yote haya wakadhani tunapinga viwanda vya umma. Zabibu ni kesi safi kabisa ya Serikali kuingia: malighafi iko hapa, haisafiri mbali, mkulima ni mdogo, na mnunuzi binafsi anajua kwamba muda uko upande wake. Tofauti na mbolea ya Tanga ya mwaka 1972, hapa hatuagizi kiungo kikuu kwa meli. Tunachotaka ni kwamba wenye mizabibu wawe ndani ya bodi kwa kuchaguliwa na vyama vyao vya ushirika, wasiteuliwe, na hesabu zisomwe kijijini kila msimu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. NMC ilikuwa na daftari, lakini halikusomwa mbele ya aliyeleta gunia.

Tukamalizia na Kizota na Nala, maana huko ndiko vijana wa Chang'ombe wanakodolea macho asubuhi. Kizota kuna machinjio na maghala ya nafaka ya Serikali. Nala kumejengwa kiwanda kikubwa cha mbolea cha mwekezaji kutoka Burundi. Ni cha binafsi, lakini kiko kwenye ardhi iliyotengwa na jiji kwa ajili ya viwanda, na ardhi hiyo ni ya umma. Reli ya kisasa imefika Dodoma tangu 2024, na wawekezaji zaidi watakuja. Hatuna ugomvi nao. Ila kijana anayetoka Chang'ombe saa 11 alfajiri kwenda kusimama getini, akichukuliwa leo na kuachwa kesho, bila mkataba na bila mchango wa NSSF, hana tofauti na kibarua wa Kongwa wa mwaka 1947. Yeye ndiye mfuko wa pensheni utakaotumika kujenga kiwanda kingine, na hata huo mchango hajaandikiwa.

Wapo waliosema mambo haya ni makubwa kuliko tawi. Pengine. Lakini diwani anakaa kwenye vikao vya jiji vinavyogawa viwanja, na Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa hapahapa. Kwa hiyo darasa lilikubaliana kwamba tawi limwandikie diwani barua, tukiomba taarifa ya viwanja vya viwanda vilivyogawiwa Nala: vipi vimejengwa, vipi vimekaa miaka na vibao tu, na katika vilivyojengwa, wangapi wameajiriwa kwa mkataba na wangapi ni vibarua wa siku. Tutaomba pia taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili cha kueleweka, na wala isiishie kubandikwa ukutani ofisini. Kuhusu viwanda vya mifuko ya hifadhi ya jamii, wanachama walio kwenye vyama vya wafanyakazi wamekubali kupeleka swali moja kwenye vikao vyao: mwaka jana Mkulazi na Karanga vimepata faida au hasara, na mwanachama anaweza kuisoma wapi hesabu hiyo?

Rasimu ya barua itarushwa humu Alhamisi jioni. Mwenye marekebisho aandike kabla ya Jumamosi saa 6 mchana, kwa hoja, bila matusi na bila kutuma picha za maua. Mwenye karatasi ya malipo ya kibarua kutoka kiwanda chochote aje nayo Jumapili, tutafunika jina. Wazee waliowahi kufanya kazi DOWICO au NMC tunawaomba sana wafike. Usafiri wa bajaji utalipwa na tawi.

Jumapili, saa 9 alasiri, palepale.

*Imetolewa na Kamati ya Itikadi ya Tawi, Chang'ombe, Dodoma.*